Uzito wa Kiti cha Kushoto

Nataka tuelewane kabla sijaenda mbali. Mimi si mpiga ramli, si mlevi, na sikulelewa katika nyumba ya watu wanaoogopa vivuli. Ni fundi wa magari, tena fundi wa chini, yule ambaye ukipita karakana yake unaona miguu tu imetokeza na mwili mzima uko uvunguni. Kazi yangu ni springi, shokomzoba na raba zake, vile vitu vinavyolishika gari lisirukeruke na lisiyumbe. Kitu kikilia chini ya gari mimi huuliza kimelegea wapi, siulizi kimerogwa na nani. Kwa hiyo ukinisikia nasimulia jambo la namna hii, ujue limenifika mwilini. Anayetaka kunibishia na aje Makupa, karakana yangu haijahama.

Msimu wa mvua uliopita alinijia kijana mmoja wa Kuze, jina lake Hatim. Anafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kijana mpole, mwembamba hata unamwonea huruma upepo ukivuma. Alikuwa amerithi gari kwa ami yake, gari la spoti la viti viwili, la zamani, jekundu lililopauka. Vichochoro vya Kuze ni vya kutembea, gari haliingii, kwa hiyo lilikuwa limelala miaka katika bohari moja ya ukoo wao mwanzo wa Mji wa Kale, mahali ambapo barabara inaishia na vichochoro vinaanzia.

Hatim alikuwa anaoa. Mchumba wake aliitwa Salma. Nikaha ilikuwa Ijumaa, na alikwisha kumwahidi kwamba wakitoka ukumbini watapanda gari lile wao wawili peke yao, waende kaskazini walikokodi nyumba ya fungate. Nililikagua nikatikisa kichwa. Raba za mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, zilikuwa zimekauka na kupasuka, shokomzoba zilikuwa zinavuja mafuta, na springi moja ya mbele ilikuwa imekatika ncha. Ukilisukuma kwa mkono lilicheza lenyewe muda mzima, halitaki kutulia. Nikamwambia bila kumung'unya maneno, ukilikimbiza gari hili na mkeo ndani, kona ya kwanza litawatupa.

"Ndiyo maana nikakuita wewe, fundi," akanijibu. "Salma ataketi kiti kile pale. Roho yake naiweka mikononi mwako."

Maneno hayo yaliniingia. Mimi nina binti, najua uzito wake.

Ufunguo wa bohari alinipa mamake Hatim, Bi Zuhura, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alinisimamisha mlangoni kwake kabla hajaufungua mkono.

"Fundi, ukiingia mule piga hodi. Hata kama hamna mtu."

"Nimpigie nani hodi, mama, na ufunguo ninao mimi?"

"Wewe piga. Na mtu akiingia nawe umo ndani asitoe salamu, usimsemeze. Nyamaza hata atoke."

Nilicheka. Mimi ni Mtaita, Mkristo, na ingawa nimezeekea Mombasa kuna mambo ya wenyeji huwa nayaacha yapite. Bi Zuhura hakucheka. Akaniwekea ufunguo kiganjani akarudi ndani, na mimi nikaenda zangu.

Siku za mwanzo nilipiga hodi, nusu kwa mzaha nusu kwa heshima ya mama wa watu. Kazi ilikwenda vizuri. Nilitoa springi za zamani nikatia mpya, nikafunga shokomzoba mpya, nikazikandamiza raba mpya ndani ya mikono. Sasa nipe sikio hapa, maana bila kulielewa hili hutaelewa kilichonipata. Raba hizi hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Ukizikaza hivyo, siku gari likikanyaga chini zinajinyonga na hazichukui muda zinapasuka. Unalishusha kwanza, likae kwa magurudumu yake juu ya mbao nene ili upate nafasi ya kupita chini, kisha anaketi ndani mtu, yule yule atakayekuwa akiketi pale, ndipo unakaza. Raba hushika pale pale ilipokazwa. Tangu siku hiyo gari huuchukua uzito ule kuwa ndio hali yake ya kawaida. Fundi asiyejua hili mkimbie.

Jumatano Hatim alikuja akaketi upande wa usukani, nikakaza nati za raba za kulia. Kwa wembamba wake gari lilishuka unene wa kidole kimoja, si zaidi. Zikabaki nati nne za kushoto, upande wa abiria, upande wa Salma. Salma mwenyewe alikuwa amewekwa ndani kama wawekwavyo maharusi, hangeweza kuja, kwa hiyo Hatim akasema ataketi yeye siku ya pili baada ya alasiri, kwa sababu hawakupishana sana kwa mwili.

Basi ikafika Alhamisi, na mvua ikafika nayo. Ilianza kumwagika adhuhuri na haikupumua. Nilipoingia bohari nilikuwa nimelowa, nina hasira na kila kitu, na hodi sikuikumbuka. Ndani mlikuwa na giza la mawingu, nikawasha tochi, nikajivuta chini ya gari kwa mgongo, nikawa naziweka nati zangu sawa nikimngoja bwana harusi. Ilikuwa lazima gari litoke siku ile. Kesho yake ndiyo siku yenyewe.

Sisi mafundi wa chini tunawajua watu kwa miguu. Mteja akiingia sinyanyuki, naangalia viatu, kifundo na mwendo, najua nani kaja na kaja na moyo gani. Hatim nilimjua kwa makubadhi yake ya ngozi ya kahawia na kovu jeupe juu ya kidole gumba cha kulia, alipoangukiwa na sanduku kazini. Nikaiona miguu ile ikisimama kando ya gari.

Najua unangoja niseme kwato. Kila ninayemsimulia hapa huinama mbele kungoja kwato. Hazikuwapo. Ilikuwa miguu ya Hatim, na kovu lake, na makubadhi yake. Kilichokosekana ni tope. Nje maji yalikuwa yanapita hadi vifundoni na makubadhi yale yalikuwa makavu. Salamu pia haikutoka, na Hatim ni kijana wa kutoa salamu hata akiingia stoo ya makaa. Niliyaona yote mawili, niamini, lakini nilikuwa na haraka na nilichotaka wakati ule ni uzito tu.

"Umefika?" nikasema kutoka uvunguni. "Ingia uketi tumalize."

Unaona nilivyosema? Sikuuliza ni nani. Nilikaribisha.

Mlango wa gari ukafunguka, kiti kikalia. Gari likaanza kushuka upande wangu. Likashuka unene wa kidole, likapita. Likashuka unene wa kiganja. Springi mpya, ambazo nilizifunga kwa mikono yangu na nazijua nguvu zake, zikajikunja zikitoa mlio ambao sijapata kuusikia kwa springi, na tairi ikaingia ndani ya madigadi hata sikuiona juu yake. Nikafikiri labda mbao zimeteleza. Nikamulika tochi, mbao zimetulia.

"Bwana harusi, wamekulisha nini?" nikatania.

Nikasema moyoni basi ana mawazo ya kesho, wanaume wengi hupotewa na maneno siku ile. Nikashika racheti, ile spana inayolia kriki kriki, nikakaza ya kwanza. Nikakaza ya pili. Ya tatu ilikuwa ngumu kidogo, nikaikaza nayo. Nikawa nanyoosha mkono kuitafuta ya nne pale simu ilipolia mfukoni mwa ovaroli, kifuani. Nikaitoa, nikaona jina la Hatim.

Sikushtuka hapo. Nilidhani ameikalia simu yake kule juu ikajipiga. Niliipokea niko tayari kumcheka.

"Asalamu alaikum, fundi," akasema Hatim, na nyuma yake nikasikia mvua ikipiga mabati na wanawake wakiitana. "Niwie radhi sana. Niko kwa shangazi Likoni, mvua yatuzuia hapa. Salma kanipigia mara mbili auliza habari ya gari. Ningojee kidogo, naja niketi."

Nilijibu nini sijui. Najua simu ilizimika na mkono ukabaki hewani.

Nataka ujiweke pale nilipokuwa. Uko chali juu ya saruji, gari liko juu ya kifua chako, upande mmoja ukuta, upande wa pili mlango wa gari uliokwisha kushuka hata bega lako haliwezi kupita. Na ndani ya gari hilo, juu yako kabisa, kitako kwa kifua, ameketi mtu ambaye yuko Likoni.

Sakafu ya gari lile ilikuwa na tundu dogo la kutolea maji, kizibo chake kilioza zamani. Lilikuwa juu ya uso wangu. Sauti ikashukia hapo, sauti ya Hatim kabisa, karibu sana, nikahisi pumzi yake ikinigusa paji la uso na pumzi yenyewe haikuwa na joto.

"Nani huyo?"

"Mke wangu," nikasema. "Auliza kama nitakula nyumbani."

Kiti kikalia juu yangu.

"Kaza," ikasema.

Gari likashuka tena. Bomba la moshi likanilalia kifuani, kwanza kama mkono wa mtu, halafu kwa nguvu. Nilijaribu kusali Baba Yetu. Mimi nimeimba kwaya tangu utoto, na nilifika katikati nikasahau inaendeleaje. Niliogopa, sikufichi. Nilimfikiria binti yangu, nikamfikiria na yule binti wa watu aliyewekwa ndani mikono imejaa hina.

"Hatim," nikasema, nikijifanya sijui, "si ungekaa upande wa usukani?"

"Mahali pangu ni hapa. Bado ngapi?"

"Bado moja."

"Ikaze."

Hapo ndipo akili ilipofunguka, nikaelewa alikuja kutafuta nini. Zile nati tatu zilikwisha kushika uzito wake. Ya nne ikikazwa, gari lingekuwa limemkubali, kiti cha kushoto kingekuwa chake na hali ya kawaida ya gari ingekuwa kumbeba yeye. Na kesho Salma, na vazi lake na ubani wake, angefunguliwa mlango na mumewe akakalishwa pale pale, juu ya mapaja ya huyu. Ni mimi niliyekuwa namtengenezea makao, kwa spana yangu mwenyewe.

Racheti ina kitufe nyuma ya kichwa chake. Ukikigeuza huku inakaza, ukikigeuza kule inalegeza. Mlio ni ule ule. Kidole changu kilikipata, kikakigeuza kule.

"Lazima nizirudie kwanza hizi tatu," nikasema. "Ndiyo kanuni. Zisiporudiwa ya nne haishiki."

Nikaanza kulegeza. Kriki, kriki, kriki. Ya tatu ikaachia. Nikahamia ya pili, jasho linaniingia machoni na siwezi kulifuta. Ya pili ilipoachia mkono wa chini ulijisogeza kidogo, ukatoa kishindo.

"Mbona nahisi palegea?"

"Raba mpya," nikasema. "Hujipanga zenyewe zikizoea."

Nikaendelea. Ya kwanza ilikuwa mbali, nililazimika kujinyoosha na bomba likanibana hata nikasikia mbavu zikilia. Nikaipata, nikailegeza. Sikuwa na hila nyingine tena. Nikatumia ile tuliyo nayo mafundi wote, uwe Makupa uwe popote. Hakuna mteja katika mji huu ambaye hajaambiwa na fundi wake kwamba gari karibu linaisha, arudi baadaye atalikuta tayari, na ulimi wangu ulikwisha kuuzoea uongo ule hata haukujikwaa.

"Hii moja iliyobaki haikazwi mtu akiwa juu," nikasema. "Itabidi ushuke uniachie. Imebaki hiyo tu. Ukirudi utaikuta."

Mvua ilikuwa inapiga paa. Nilihesabu pumzi zangu nikapoteza hesabu.

"Moja tu?"

"Moja tu."

Gari likapanda. Likapanda polepole, upande ule wote, hadi bomba likaniachia na hewa ikanirudi kwa mpigo nikakohoa. Makubadhi makavu yakatua sakafuni, yakasimama kando ya kichwa changu. Nikafumba macho kwa nguvu, kwa sababu nilihisi anainama, na sikutaka kuuona uso wake, uwe wa Hatim au usiwe.

"Nimekusikia," akasema. "Imebaki moja. Nitaifuata."

Miguu ikaenda zake kuelekea mlangoni. Nilitega sikio nisikie komeo. Halikulia.

Nilipotoka uvunguni nilikaa chini nikalia kidogo, ndiyo, mtu mzima na mvi zangu. Kisha nikafanya kitu kimoja cha maana. Nikaipandisha jeki, nikaing'oa ile mikono ya chini yote miwili ya kushoto, ya mbele na ya nyuma, na nati zake na raba zake, nikaitia katika gunia. Gari lile lisingetoka tena hata kwa kusukumwa.

Hatim alinikuta nafunga gunia. Aliingia na salamu yake, amelowa tepetepe, makubadhi yamejaa tope. Nilimtazama miguu kabla sijamjibu. Nilipomweleza alifanya hasira, na simlaumu. Aliniambia nimemwaibisha mbele ya wakwe, kwamba Salma anangoja gari, kwamba kama nimeshindwa kazi niseme nimeshindwa. Aliniuliza kama nimelewa. Bi Zuhura alikuwa ameingia nyuma yake na mwavuli, akasikiliza mwanzo hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Uliisemeza?"

"Niliisemeza, mama."

"Gari halitoki," akamwambia mwanawe. "Na mkeo asiambiwe kitu. Bibi harusi hatishwi siku yake."

Nikaona ni maneno ya hekima. Sote tuliona hivyo. Binamu yake akamwazima gari lake, nikaha ikapita, ukumbi ukajaa, maharusi wakaenda kaskazini wakarudi salama. Hatim hasira zilimwisha, wakanialika chakula nyumbani kwao Kuze, na hapo ndipo Salma aliponijua. Mtoto mzuri, mcheshi, mwembamba kama mumewe. Alinipakulia biriani mara mbili na kunitania kwa kuharibu fungate yake. Nikacheka naye. Gunia nililificha karakanani nyuma ya matairi, na bohari ikafungwa kwa kufuli.

Nilidhani imekwisha. Wewe ungedhani nini?

Mvua zilipokwisha, siku moja mchana, lile gari la binamu, ambalo Hatim alikuwa bado akilitumia, liliingia karakanani kwangu. Hata halijasimama nililiona tatizo. Upande wa kushoto ulikuwa umelala, tairi imezama ndani ya madigadi. Nikasema moyoni springi imekatika hiyo, kazi imekuja. Hatim akashuka upande wa usukani, gari halikutikisika. Kisha akashuka Salma, na buibui lake, na kile kimwili chake. Gari likapanda. Likapanda polepole, upande ule wote, kama lilivyopanda lile jekundu, na likakaa sawa.

Spana ilinitoka mkononi.

"Hatujui lina nini, fundi," akasema Hatim. "Mafundi wawili wamelitazama, wasema halina kitu."

Salma akanijia na tabasamu lake lile lile.

"Fundi, hujambo? Na wewe juzi hukunimaliza," akasema.

Nikamuuliza juzi gani. Akanishangaa. Akaeleza kwamba alikuwa akirudi kutoka soko la Marikiti na kikapu chake, akapita bohari akaona mlango uko wazi na miguu yangu imetokeza chini ya gari jekundu. Ovaroli yangu ya buluu, kiraka changu gotini. Nikamsemeza kwa sauti yangu, nikamwita shemeji, nikamwomba aingie aketi kidogo kiti cha kushoto nipate uzito wake. Akaona ni jambo dogo, akaingia, akapakata kikapu. Alisikia spana ikilia chini, gari likawa linashuka naye, akahisi usingizi. Kisha Bi Zuhura alimwita kwa jina kutoka kichochoroni, kwa ukali ambao hajawahi kuusikia kwake, akashtuka akashuka.

"Ukaniambia niende tu, umebakisha moja," akasema. "Sasa hiyo moja wataka nije lini uikaze?"

Sikuwa nimekanyaga bohari tangu siku ile. Mikono ya upande ule ilikuwa nyuma yangu, ndani ya gunia, nati zote. Hapakuwa na kitu cha kukaza mle, isipokuwa yeye aliyeketi. Nilimtazama Hatim, naye akanitazama, na nikaona amekumbuka kila neno nililomwambia na yeye akaniita mlevi.

Walihama Kuze juma lile lile. Sasa wanaishi ng'ambo ya Makupa, bara, katika nyumba ambayo Bi Zuhura huwaendea kwa miguu yake ya uzee kwa sababu Salma haruhusiwi tena kurudi Kuze karibu na bohari ile. Mlango wa bohari umejengewa mawe. Masheikh wamesoma, na mimi nimemwomba padri wangu, naye akaja akasali, Hatim hakukataa. Salma yuko mzima, anakula, anacheka. Lakini akipanda gari lolote, upande wake hulala. Nimeona mwenyewe, nimepima kwa vidole vyangu, naye si mtu wa kulishusha gari hata nusu ya kidole. Na kila tukikutana huniuliza, kwa adabu, bila kukasirika, kama nimepata nafasi ya kuimaliza ile moja. Tumemweleza kila kitu. Anasikiliza, anaitikia, na siku ya pili anauliza tena.

Mimi sijaacha kazi, nitakula nini? Ila simwambii mteja tena kwamba imebaki kidogo. Wananiona fundi wa ajabu, wakiniuliza gari litaisha lini nasema sijui. Na anayetaka kuketi nipate uzito, kwanza natoka uvunguni nimtazame usoni na tusalimiane mpaka mwisho.

Wewe unayenisikiliza, fanya vivyo hivyo. Ukipita popote ukaona miguu ya fundi imetokeza chini ya gari, akakuita kwa upole uingie uketi kidogo, usiingie. Simama mbali, mtolee salamu, mwambie atoke umwone. Kama ni mimi, nitatoka. Asipotoka, nenda zako, wala usimuulize amebakisha ngapi.